Nimefunga Mkanda

Urefu haukuwahi kumtisha. Hilo lieleweke mapema, maana ndugu zake wamekataa kulielewa hadi leo. Mwanamke huyu alitengeneza lifti. Kazi yake ilikuwa kupanda juu ya paa la kile chumba kinachobeba watu, shimo jeusi likimkodolea macho kutoka chini, na huko huko ndiko alikofungua mfuko akala mkate wake wa mchana, miguu ikibembea. Wenzake walimwita Fundi. Mumewe alimwita Fundi. Hata watoto wakitaka kumchokoza waliacha kuita Mama, wakaita Fundi.

Alichoogopa ni ndege. Ikipita juu ya nyumba, anaingia ndani na kufunga madirisha.

"Lifti nina breki yake," alikuwa akisema. "Nikiitilia shaka naishika kwa mkono wangu. Ndege nitaishika wapi?"

"Mkiani," mumewe alimjibu. "Kama ng'ombe."

Mzaha ulikuwa na nafasi yake wakati safari haipo. Kisha safari ikaja. Mama yake alikuwa ng'ambo kwa kaka yake mkubwa, amepelekwa huko kwa ajili ya moyo uliochoka, na madaktari walikuwa wamepanga kumpasua. Mama akagoma. Alisema hachomwi sindano ya nusukaputi mpaka amuone binti yake. Kaka alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena, wapi. Mwishowe akapiga simu.

"Mdogo wangu, safari hii huna pa kujificha. Ni wewe anayekutaka."

Fundi akasema atakwenda. Alisema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu asije akaionja.

Kila alichoambiwa alikifanya. Daktari wa mtaani alimpa vidonge, vikamlegeza magoti, woga vikauacha umesimama wima. Jirani alimfundisha kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa kwa mdomo, akavuta na kutoa hadi kizunguzungu. Mumewe akapanga viti sebuleni viwili viwili, akamfunga kiunoni kwa mshipi wa suruali, watoto wakashika miguu ya kiti na kukitikisa.

"Mabibi na mabwana," mumewe alitangaza, mkono mdomoni, "kushoto kwenu ni nyumba ya shemeji yangu. Tafadhali zibeni pua."

Fundi alicheka hadi machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha. Machozi yakaendelea, na watoto wakaacha kutikisa kiti.

Siku ya safari alijikaza kisabuni. Alipita ukaguzi, akapanda ngazi, akaketi kiti cha kando ya njia, akafunga mkanda mwenyewe bila kusaidiwa. Jirani yake wa kiti alikuwa mzee aliyefunua gazeti pana mpaka likamgusa bega. Mlango ukafungwa. Fundi alifumba macho akajisemea kwamba kazi kubwa imekwisha, sasa ni kukaa tu, na kukaa hata gunia linaweza.

Katika kazi ya lifti kuna amri moja ambayo mwanagenzi huimeza kabla hajakabidhiwa hata bisibisi: ukisikia sauti usiyoijua, zima kwanza, uliza baadaye. Aliyemo ndani awe bosi, awe bibi harusi, awe maiti kwenye machela, zima. Fundi aliishi kwa amri hiyo tangu ujana wake, na hakuna mtu aliyewahi kuumia kwenye lifti iliyopita mikononi mwake. Amri hiyo haikukaa kichwani tena. Ilikuwa imeshuka ikakaa kwenye misuli.

Chini ya sakafu ya ndege kitu kikaanza kukwaruza. Kilikwaruza kama msumeno unaokata bomba la chuma. Kikanyamaza. Kikakata tena.

Akafumbua macho. "Unasikia?" alimuuliza mzee.

"Nini?"

"Hiyo."

"Hiyo ni ndege, binti yangu. Ulitaka iimbe?"

Alibonyeza kengele. Mhudumu alikuja na tabasamu lake la kazini. "Ni kawaida, mama."

"Kawaida ya nini? Pampu gani inalia hivyo? Waambie wazime."

"Mama, tafadhali, kaa."

Hakukaa. Mkono ulikuwa umeshafungua mkanda kabla kichwa hakijaulizwa. Alisimama katikati ya njia akapaza ile sauti anayoipaza shimoni, sauti inayopenya ghorofa zote: "Zimeni! Zimeni mtambo!"

Ndege nzima iligeuka. Mtoto akaangua kilio. Mwanamume wa nyuma akasimama, mwingine naye akasimama, na mwanamke mmoja akaanza kusali kwa sauti. "Huyu kaona nini?" mtu aliuliza kwa ukali.

Rubani alitoka mwenyewe. Alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, aliyekunja mikono ya shati kama yuko nyumbani kwake.

"Dada, wewe ni fundi wa nini?"

"Lifti."

Hakucheka. Alimweleza kwamba chini ya sakafu kuna pampu inayogawa shinikizo la mafuta ya mitambo kati ya upande mmoja na mwingine, kwamba ndege za aina hii hulia hivyo kabla ya kuondoka, na kwamba asiyezizoea lazima ashtuke. Alieleza kama fundi anavyomweleza fundi mwenzake, bila haraka, bila dharau.

Na Fundi alielewa. Hapo ndipo alipovunjika. Siku zote alidhani anaogopa kwa sababu hajui, na kwamba siku akijua, woga utafungasha virago. Sasa alikuwa anajua. Angeweza kuchora ile pampu kwenye gazeti la yule mzee, na bado jasho lilikuwa likimchuruzika mgongoni, na meno yalikuwa yakigongana.

"Nimeelewa," alisema. "Asante."

"Basi utakaa?"

"Nitakaa."

Lakini alikuwa ameshafika mlangoni bila kujua amefikaje, na vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa mlango uliofungwa. Mhudumu alijaribu kumbandua taratibu, kidole kimoja kimoja. Akibandua hiki, kile kinarudi.

Rubani alivitazama vidole vile. "Dada, siwezi kuruka na wewe hivi."

"Najua," Fundi alisema. "Hata ningekuwa mimi, nisingekubali."

Wakafungua mlango.

Mumewe alikuwa bado ukumbini, amesimama kwenye kioo ili aione ndege ikipaa. Akamuona mkewe anakuja na begi lake, ameinamisha kichwa. Akampokea begi. Walisimama pamoja kwenye kioo. Ndege ikakimbia, ikainua pua, ikapaa vizuri kabisa, ikawa nukta, ikapotea.

Simu ikaita. Namba ilikuwa ya kaka, sauti ikawa ya Mama.

"Mwanangu, wameniwahisha. Wanasema moyo hautaki kungoja kesho. Wamekuja na kitanda cha magurudumu, nimewaambia wasimame kwanza. Umeshapanda?"

Fundi alimtazama mumewe. Mumewe akatazama sakafu.

"Nimepanda, Mama."

"Kweli?"

"Imechelewa kidogo kuondoka, lakini nimo ndani. Nimefunga mkanda."

"Wewe! Mwoga wangu wewe!" Mama alicheka, kicheko chembamba kilichoishia kwenye kikohozi. "Umekaa na nani?"

"Na mzee mmoja. Gazeti lake limenifunika nusu."

"Unaogopa?"

"Siogopi."

"Basi na mimi siogopi. Nikiamka nikukute."

Magurudumu yakasikika yakibingirika, simu ikakatika.

Jioni kaka alipiga. Hakusalimia.

"Simu yako inaita," alisema. "Nimesimama hapa uwanjani kama nguzo. Ndege imefika, watu wametoka wote, mpaka wahudumu wametoka. Nikasema nijaribu simu, na simu inaita. Uko wapi, mdogo wangu?"

"Niko nyumbani. Jikoni."

"Mama hakuamka," kaka alisema.

Fundi alikaa chini, sakafuni, mgongo kwenye kabati. Mumewe alikuja mlangoni, akauona uso wake, akarudi kuwatoa watoto nje.

"Nilikuja nikwambie mwenyewe, usisikie kwa watu," kaka aliendelea, sauti ikimpanda. "Kumbe hata kupanda hukupanda! Alikuwa anamwambia kila muuguzi, binti yangu anakuja, amefunga mkanda. Ameingia chumba kile anacheka. Ulimdanganya mtu anayekwenda kufa!"

"Nilimdanganya."

"Kwa woga!"

"Kwa woga."

"Na maziko ni huku, keshokutwa. Utakuja?"

Fundi alivitazama vidole vyake vilivyolala mapajani, vimetulia kabisa, kama havikufanya kitu. Angeweza kuapa, na angeapa kwa moyo mmoja, na mlangoni vingefanya vile vile. Alilijua hilo sasa kama anavyojua uzito wa spana yake. Kaka naye alilijua. Akaanza kulia.

"Basi omba radhi," alisema katikati ya kilio. "Usiniombe mimi, muombe Mama. Sema tu, nisikie, nikaseme pale kaburini. Yaishe."

Yangeisha kweli. Wangelia pamoja, wifi yake angepokea simu, pole zingepita huku na huku, na kesho angekuwa tena mtoto wa Mama kama wengine.

"Kaka," alisema, "ndege sikupanda. Mkono wake sikuushika, na kaburi lake sitaliona. Nilichompa ni uongo ule peke yake, akaingia nao anacheka. Siombi radhi. Kwako siombi, na kwa Mama siombi."