Machozi ya Ibada ya Pili

Dzoro alikuwa mfagiaji wa kanisa moja la Ganjoni, na Jumapili hiyo alitaka kitu kimoja tu: unga. Kwao Ganze mvua ilikuwa imekata misimu mitatu, na nyumbani kwa kaka yake Charo walikuwamo watu kumi na mmoja na sufuria isiyopanda motoni.

Kanisani ilikuwa Jumapili ya Njaa. Kila familia ilifunga Jumamosi nzima, na walichokosa kula wakakileta kwa mabela ya unga, pakiti kumi na mbili kila bela. Yakapangwa mbele mpaka yakamfika mhubiri kifuani.

Mzee Odera, mwenyekiti wa kamati, alikuwa amemweleza Dzoro waziwazi. "Unga upo. Lakini watu hawatoi kwa kusomewa karatasi. Watoa kwa kuona sura. Mlete mamako asimame aseme njaa ni nini, na kwenu hamtakosa."

Basi Bi Kavumbi akaja, mifupa ndani ya leso mbili. Alipoingia chumbani kwa mwanawe kule Majengo, neno lake la kwanza lilikuwa lilelile la siku zote: "Umekula?" Yeye mwenyewe alikuwa hajatia kitu kinywani tangu juzi.

Kwao mtu haililii njaa mbele ya wageni. Ukiililia, umeuvua nguo ukoo mzima. Waifanyia mzaha, na mwenye akili aelewa. Dzoro alilijua hilo tangu utotoni, ila hakukumbuka kumwonya.

"Njaa ya mwaka huu ni mkwe," Bi Kavumbi aliliambia kanisa katika ibada ya kwanza. "Imekuja, imepewa kiti, haiagi. Na mkwe humfukuzi! Kuku wamekwisha. Amebaki jogoo mmoja, na alfajiri hawiki tena. Aogopa tusije tukamkumbuka."

Kanisa likaangua kicheko. Mpiga kinanda alijiinamia akajishika mbavu. Kikapu cha sadaka kikapita na kurudi chepesi.

Odera alimvuta Dzoro nyuma ya jengo. "Nilikuambia ulete mwenye njaa, umeniletea mchekeshaji?"

"Mzee, kwetu ndivyo..."

"Achekaye ameshiba, ndivyo watu wanavyoona. Ibada ya pili ni saa tano. Alie. Asipolia, unga utakwenda kwa wanaolia."

"Lakini Mzee, ni watu kumi na mmoja."

"Alie, Dzoro."

Mamake alikuwa ameketi karibu na bomba na kikombe cha chai. Andazi alilopewa alikuwa amelifunga kwenye ncha ya leso, la wajukuu.

"Wamenipenda," alisema, uso umemchangamka. "Waona? Hata yule mnene wa mbele alicheka."

Dzoro alichuchumaa kando yake. Alikuwa na dada, Mirriam, aliyekufa na njaa miaka ishirini nyuma, akiwa na miaka sita. Mama alikuwa amekwenda kupanga foleni ya mahindi ya msaada. Aliporudi na mahindi, alikuta kaburi. Aliuliza mara moja tu kama mtoto alisema neno, na Dzoro, aliyekuwa naye, akamjibu kwamba alikuwa amelala. Tangu siku hiyo jina hilo halikutajwa nyumbani.

"Mama."

"Ee, mwanangu."

"Mirriam hakuwa amelala."

Kikombe kikasimama njiani.

"Alikuwa akikutafuta kwa macho. Alisema, 'Mama akija na unga, mniamshe.'"

Chai ikamwagika yote mapajani, na Bi Kavumbi hakuihisi. Ndani nyimbo zilikuwa zimeanza. Dzoro akamshika mkono, akamwinua, akampeleka mbele.

Safari hii Bi Kavumbi hakuleta mzaha. Aliyaona yale mabela, akayaangukia, akalia kilio cha matanga. Watu wakainua simu. Mwanamke mmoja akavua bangili zake akazitupa kikapuni. Odera alijifuta machozi, na yalikuwa ya kweli.

Walipewa mabela matatu.

Stendi, utingo alipandisha mzigo. Dzoro akanyoosha mkono kuaga. Mamake akampa utingo ule mkono aliokuwa akiungoja Dzoro, akapanda, akaketi upande wa pili. Dzoro alisimama pale mpaka gari likaondoka. Hakuulizwa kama amekula.

Alirudi kanisani kufagia. Odera akamkuta kati ya viti.

"Mamako ana neema, bwana! Mwezi ujao wenzetu wa Kisauni wana Jumapili ya Njaa. Atakuja?"

Mabela matatu, watu kumi na mmoja: siku ishirini, wakila mara moja kwa siku. Hesabu hiyo Dzoro alikuwa ameipiga tangu stendi.

"Atakuja, Mzee."

"Na atalia vilevile? Asije akanianzia mambo ya jogoo."

Dzoro aliukung'uta ufagio ukutani.

"Atalia," alisema. "Kuna jingine sijamwambia."