Sababu ya Jeraha

Kibwana alikuwa haamini mapenzi hata chembe. Kila siku pale Kona ya Musa, wakichomelea mageti, alikuwa akimcheka rafiki yake Amin: "Mwanamume mzima unakondeshwa na Mwanapili? Hiyo ni homa tu, utapona."

Leo asubuhi Nassir, kaka yake Mwanapili, alifika karakanani na barua ya posa aliyoipeleka Amin, akaichana mbele ya mafundi wote.

"Dada yangu haozwi kwa mtu asiye mwanamume," akasema.

Amin alinyamaza. Huyu angekuwa shemeji yake, amjibu nini? Ule unyamavu ndio uliomchoma Kibwana. Alimrukia Nassir kifuani, na Nassir akaokota kipande cha nondo, akampasua kichwa.

Sasa Kibwana yuko zahanati, shati la Amin limefungwa kichwani pake, limelowa damu.

"Mligombania nini?" mwuguzi aliuliza, kalamu mkononi.

Kibwana aliwaza sababu. Aliyetukanwa si yeye. Mchumba hana. Hata barua iliyochanwa haikuwa yake.

"Mapenzi," akasema, akajishangaa mwenyewe.

"Ya nani?"

Akamgeukia Amin, aliyekuwa kifua wazi, machozi yakimtiririka, amemshika mkono kwa nguvu kama anayeogopa ataondoka. Kibwana hakuutoa mkono wake.

"Andika hivyo hivyo, dada yangu," akajibu. "Hilo la pili, ya nani, hata mimi silijui."