Namba za Kutunga

Jumanne ile wasimamizi kutoka wilayani walikuwa njiani, na daftari la dawa lilikuwa na mapengo ya wiki mbili. Nesi Agnetha alisali kama kila asubuhi, akaketi na kalamu. Zamani, katika zahanati hii ya barabara ya Katoro, alilijua kila tumbo kwa mikono yake. Sasa alijua safu za kitabu cha kliniki ya wajawazito, daftari la dawa, fomu ya mwezi, na kishikwambi kilichotaka yaleyale tena.

Benchini walikaa akina mama kumi na wanne. Kuwapima wote kungemaliza asubuhi. Akawaita mmojammoja, akauliza miezi, na kwenye safu ya presha akaandika 120/80, kisha 110/70, akibadilishabadilisha zisifanane.

Wa mwisho alikuwa Wema, mke wa mchimbaji, mimba ya kwanza ya miezi minane.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Mtoto anacheza?"

"Anacheza." Hakuinuka. "Leo hatufungwi kile kitambaa cha presha mkononi?"

"Nimeshaandika, mwanangu. Uko salama."

"Kumbe siku hizi mnapima kwa macho."

Benchi likacheka. Wema naye alicheka, ameshika paji la uso. "Ni kichwa tu, tangu juzi. Lakini kama umeona niko salama, nashukuru."

Shukrani ile ilimchoma Agnetha. Akatazama chini: kanda za ndala zilikuwa zimezama kwenye miguu ya Wema iliyovimba. Akamfunga kitambaa. Presha ilikuwa mia na sabini kwa mia na kumi.

Gari la wilaya lilipoingia, Wema alikuwa kitandani, ameshachomwa sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, na gari la wagonjwa limeitwa kutoka Geita. Msimamizi, Bwana Sostenes, akafungua kitabu cha kliniki.

"Safi sana, dada Agnetha. Hakuna pengo hata moja."

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Wema alikuwa anasikiliza.

Agnetha akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari kwenye namba zote kumi na nne. "Hizi nimezitunga. Nilipoziandika sikuwa nimempima hata mmoja."

Sostenes akafunga kitabu. "Unajua itabidi niandike hili kwenye ripoti."

"Andika, kaka."

Akina mama walikuwa bado wanasubiri vidonge vya kuongeza damu. Aliwaendea na kile kitambaa, akashindwa kuwatazama usoni, akamwomba wa kwanza akunje mkono wa gauni.