Leonida Hakai Hapa

1.

TANGAZO LA KAZI
Anatakiwa mhudumu wa mapokezi, hotelini, Morogoro. Awe mwanamke. Awe na cheti cha kidato cha nne. Awe nadhifu, mcheshi na anayejituma. Asiwe na mtoto mchanga.
Mwenye sifa pungufu asijisumbue.

2.

Nilijisumbua.

3.

Usaili. Mimi, na Bi. Kisanga, meneja.

— Una mtoto?

— Sina.

Ona jibu lilivyo jepesi. Kumzaa Tunu nusura kunitoe roho. Kumkana, hata jasho sikutoka.

4.

Cheti nilikipata kwa madarasa ya jioni, tumbo likigonga dawati. Mwalimu akiniuliza swali husema, "Haya, jibuni nyie wawili." Darasa zima linacheka. Nami nacheka. Ilikuwa raha, usinihurumie.

5.

Vitu nilivyoacha kwa mke wa balozi wetu wa nyumba kumi asubuhi ya kwanza ya kazi:
Tunu.
Uji wa Tunu.
Kanga niliyolalia, yenye harufu yangu, ili Tunu asijue kwamba

6.

Kaunta. Sare ya bluu, kifuani kibao cha jina.

"Leonida!"

Nafuta kaunta.

"Leonida! We Leonida!"

Nikageuka nimwone huyo Leonida kiziwi. Mgeni mwenye begi naye akageuka. Bi. Kisanga alikuwa ananitazama mimi.

Jamani, tangu nijifungue nani ameniita hivyo? Sokoni, Mama Tunu. Kanisani, Mama Tunu. Hata mama yangu mzazi.

7.

"Mtu haitiki jina lake mwenyewe? Binti, hiki cheti umeazima kwa nani?"

"Changu, bosi."

"Wote husema hivyo. Nampigia balozi wako."

8.

Ofisini kwake. Simu mezani, sauti kubwa. Mzee Kobelo, balozi wetu, ni mtu mwema. Nilimwomba anidhamini akipigiwa. Jina sikumtajia. Mtu anayekula mihogo kwangu nimtajie jina?

"Leonida Mkude? Hapa kwangu hayupo."

"Una uhakika, mzee?"

"Mama, nyumba zangu nazijua mpaka kuku wake. Huyo tapeli, mkamateni! Sema kwa nguvu kidogo, kuna katoto kanalia hapa, mama yake kaenda kuanza kazi."

Nyuma ya sauti yake,

Tunu.

9.

Maziwa hayajui usaili.

Yakashuka. Sare ikaanza kulowa, kushoto, kisha kulia, chini kidogo ya kibao cha jina.

10.

ILANI KWA WAFANYAKAZI WOTE
Atakayebainika kutumia cheti kisicho chake atakabidhiwa polisi.
Atakayebainika kuficha kuwa ana mtoto mchanga ataachishwa kazi mara moja.
UONGOZI

(Imebandikwa ukutani, nyuma ya kiti cha Bi. Kisanga. Nilipata muda wa kuisoma yote.)

11.

Wewe unayesoma, hebu nichagulie: tapeli, au mama?

Fanya haraka. Mzee anaaga.

12.

"Balozi! Ni mimi!"

"Wewe nani?"

Cheti changu mezani. Kilio cha mwanangu hewani. Bi. Kisanga amesogeza kiti mbele.

"Mama Tunu."

"Aaa! Mama Tunu! Sasa si mngesema? Mama, huyo mpe kazi, mchapakazi huyo, dhahabu! Mama Tunu, fanya uje umnyonyeshe mwenzio, uji ameutema wote!"

13.

Bi. Kisanga alikata simu.

Akatazama cheti. Akatazama sare yangu. Akainua kalamu, akaiweka tena.

Feni juu inazunguka. Mgeni anagonga kengele ya kaunta, hakuna anayekwenda.

"Leonida," akaita, taratibu, kama anayejaribu kiatu.

Safari hii niliitika.

"Abee."