Mfuniko wa Dereva

Kitu cha kwanza nilichokiona ni gundi. Mjomba alikuwa akiunda kifaru cha vita, kidogo cha kukaa mezani, kwa mabati ya makopo. Kila kitu kilifanana na kile alichokwenda nacho vitani ujanani: minyororo ilizunguka, mzinga uligeuka, hata tope alilipaka kwa brashi. Mifuniko yote ya juu ilifunguka, isipokuwa wa dereva. Huo ulikuwa umeganda kwa gundi.

Nikadhani amekosea. Alipotoka kununua rangi, niliubandua kwa wembe, polepole, nikausafisha mpaka ukafunguka vizuri. Nilitaka anisifu.

Aliporudi alinitania, maana mimi si msemaji. "Wewe bubu wangu, mbona leo unauchekea ukuta?" Kisha akauona mfuniko. Mkebe wa rangi ukamponyoka.

"Nani ameufungua?"

"Mimi, mjomba. Ulikuwa umeganda."

Akakaa. Akatazama viganja vyake vyenye makovu, ambavyo siku zote alisema viliungua kwa mafuta ya jikoni.

"Siku ile kifaru kilipowaka, huu haukufunguka. Niliuvuta kwa mikono mitupu. Dereva alikuwa baba yako."

Tangu utotoni mama aliniambia baba alikufa kwa homa, hospitalini, amelala kitandani.

Mjomba akanyoosha mkono. "Nipe gundi, mwanangu."

Nikampa. Mjomba, nilichotaka kusema ni hiki: uache wazi, baba atoke.