Mkuu wa Miguu Myepesi

Nyumba nzima ilimwita Shangazi, hata majirani, hata muuza maziwa ambaye kwa umri angeweza kuwa baba yake. Alihamia kwa kaka yake baada ya mama yao kufariki, akapewa chumba cha nyuma kilichokuwa stoo. Dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ukitoa mkono unaugusa. Ilisemwa ni kwa muda tu, mpaka ajipange. Lakini mabinti wawili wa kaka wakamzoea, wifi yake akazoea kumwachia jiko, kaka naye akazoea kumkuta, na habari ya kujipanga ikafa kimyakimya bila mtu kuizika.

Alikuwa fundi wa meno ya bandia. Kliniki ilimletea karakanani umbo la kinywa cha mtu kwenye plasta, naye akakaa na nta na visu vyake vidogo akilichonga jino mpaka likae kama lilizaliwa pale. Ni kazi ya kuinamisha shingo na kunyamaza. Dada wa mapokezi pale kliniki, ambaye alikuwa na maneno ya watu wawili, ndiye aliyemtia kwenye mchezo. Alimwambia kuna nchi ndani ya kompyuta, ina milima na miji na masoko, na watu wa kweli kutoka kila pembe wanaishi humo kwa kujifanya: huyu mhunzi, yule mtawala, mwingine mganga wa ng'ombe. Ukishaingia, unaongea kama huyo uliyejifanya kuwa, basi.

Shangazi aliingia kwa utani akanogewa. Kilichomvuta ni sheria moja ambayo wachezaji walijiwekea wenyewe. Mchezo ulikuwa na kitufe cha kutuma ujumbe popote, papo hapo, lakini walikubaliana wasikiguse, kwa sababu mtawala anayejua habari za vita kabla farasi hajatoka zizini anaharibu utamu wote. Neno lililosemwa mji wa Bondeni lisijulikane mji wa Ngomeni mpaka mtu alibebe, avuke msitu nalo, apenye kwa majambazi. Siku moja mhunzi alimwomba ampelekee barua mchumba wake, mchumba wa humohumo mchezoni, naye akaipeleka. Kesho yake wakaja wengine. Haikuchukua muda akawa na matarishi kila mji, vituo vya kupokezana, zamu, na kiapo: hatusimulii, hatubadilishi neno, tunakabidhi mkononi. Shirika likaitwa Miguu Myepesi. Barua ziliandikwa kwenye simu zikamfikia yeye kwanza, yeye akampa tarishi wa zamu, na tarishi hakuruhusiwa kuitoa mpaka mhusika wake atembee njia nzima. Hodari kuliko wote alikuwa mmoja aliyejiita Kobe. Alikimbia kama anafukuzwa.

Wakamwita Mkuu. Alipenda kuitwa hivyo, hakuna haja ya kuficha. Kule akipita sokoni watu walisimama.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Kaka yake, fundi wa majokofu, alikuwa amewachekesha wageni kwa kisa cha mkewe kwenye mtihani wa udereva: jinsi alivyougonga mti uliokuwa umesimama peke yake katikati ya uwanja mtupu. Wageni walicheka, na yeye akacheka kuwashinda. Mkewe, aliyeshona mapazia chumba cha mbele, alikusanya vyombo. Tangu siku hiyo hakumsemesha mumewe tena. Mume naye, kwa kuwa hakuona kosa lake, akasema kama ni kununa, hata yeye anajua kununa.

Ikawa mwambie kaka yako, mwambie wifi yako. Wakiwa chumba kimoja, wanasikiana mpaka pumzi, lakini neno lazima lipitie kwa Shangazi. Wifi akisema mwambie akitaka chai ajipikie, Shangazi alimwendea kaka akasema chai iko jikoni. Kaka akisema hiyo cherehani inampasua kichwa, alimwendea wifi akasema kaka anauliza kama hujachoka, upumzike kidogo. Alijiona anapoza. Siku moja akavuka mpaka. Alimwambia wifi kwamba kaka anajutia ile habari ya mti, kisha akamwambia kaka kwamba wifi anasema yamepita. Hakuna aliyekuwa amesema lolote katika hayo. Wote wawili walimsikiliza, wakasubiri mwenzao aanze. Wakaendelea kusubiri.

Wakati huohuo Bondeni na Ngomeni walikuwa wameingia vitani, na vita ilikuwa tamu kwa kila mtu isipokuwa kwake. Barua zilimiminika. Ngomeni walilalamika kwamba matarishi wanawapendelea Bondeni, Bondeni nao wakasema vilevile. Simu ilitetemeka mezani akiwa na jino la mtu mkononi, ilitetemeka akiwa anakoroga uji wa watoto, na yeyote aliyeandika alitaka ajibiwe sasa hivi. Tarishi mmoja amegombana na mwenzake, mwingine mtandao umemkatikia katikati ya msitu, wa tatu anataka apewe njia fupi. Mara mbili alitangaza kwamba anaacha. Walimwitia mkutano uwanjani, wakamlilia, wakamvisha joho. Kobe alimwambia kwamba wanamwomba tu asubiri vita iishe. Akakubali, akijua fika kwamba vita ile haitaisha, maana waliokuwa wakipigana walikuwa wanajifurahisha.

Ndipo bosi wake alipofungua karakana ya pili katika mji wa mbali na kumtaka akaiendeshe. Angekuwa na chumba chake juu ya karakana. Shangazi aliomba akafikirie. Alirudi nyumbani na jambo hilo limemkaa kooni, akakuta wifi anamsubiri mlangoni na ujumbe, akaubeba, na lake akaliacha. Ikawa hivyo siku nyingi. Kila alipotaka kusema alijiuliza ataanza na nani, maana akimwambia mmoja, huyo atamtuma kwa mwingine.

Shule zikafungwa. Asubuhi moja kaka aliondoka na mabinti zake kwenda nao kazini, na hakumuaga mkewe. Mchana, Shangazi akiwa karakanani, wifi alimpigia simu: gesi imeisha tangu asubuhi, amwambie kaka yake, na asijifanye hajui. Wakati anaandika, ikaingia barua ya mtawala wa Ngomeni kwenda kwa chifu wa Bondeni, ya haraka sana. Mikono yake ilikuwa na nta. Alituma zote mbili, akarudi kwenye jino lake.

Kobe alipokea ile ya gesi. Hakuielewa, lakini kiapo ni kiapo, hatubadilishi neno, akavuka nayo msitu mzima na kumkabidhi chifu wa Bondeni mkononi. Chifu akaisoma mbele ya baraza: gesi imeisha tangu asubuhi na usijifanye hujui. Wazee wa baraza waliamua kwamba hilo ni fumbo la shambulio. Jeshi lote likahamishiwa lango la kaskazini, ambako hakukuwa na adui wala mbuzi.

Kaka naye, akiwa ameingiza kichwa ndani ya jokofu la bucha, alisoma: Warudishe mateka kabla jua halijazama, la sivyo usithubutu kukanyaga mlango wangu.

Hayo Shangazi aliyajua baadaye, kwa kusimuliwa na binti mkubwa. Baba yao aliwatazama wale watoto waliokuwa wamekaa juu ya boksi la vifaa wakila karanga, akafunga kazi bila kumaliza, akawapakia kwenye gari na kurudi nyumbani. Aliingia moja kwa moja chumba cha mapazia akamwuliza mkewe, kwa mdomo wake mwenyewe, mateka gani. Mkewe alishtuka mpaka akamjibu. Alisema yeye hajui mateka, yeye amesema gesi. Kaka akamwonyesha simu. Wifi akasema sasa huyu wifi ananisingizia nini, mbona hata wewe ulishasema unajuta na hujawahi kunionyesha unajuta. Kaka akauliza nimesema lini.

Shangazi aliporudi jioni aliwakuta wamesimama jikoni, bega kwa bega. Kwa sekunde moja moyo wake ulifurahi.

"Nilikutuma lini ukaseme najuta?" kaka aliuliza.

Wifi aliweka mwiko chini taratibu.

"Na mimi, wifi, nilikwambia yamepita?"

"Hapana."

"Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa naongea na nani?"

Shangazi alisema alitaka nyumba ikalike. Kaka alisema nyumba hii ina wenyewe. Kisha akasema kuanzia leo akipewa neno alipeleke lilivyo, neno kwa neno, na mkewe akaitikia kwa kichwa. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu ile habari ya mti. Baada ya hapo kila mmoja akaenda upande wake, na kimya kikarudi palepale kilipokuwa.

Upande wa mchezo alitumaini angalau atafukuzwa. Aliwakusanya uwanjani akakiri kwamba kosa ni lake, kwamba mkuu wa matarishi amekosea barua na anastahili kuvuliwa joho. Walicheka mpaka wengine wakatoka kwenye uhusika. Chifu wa Bondeni alitangaza kwamba kuanzia leo askari wake wakishambulia watapiga kelele kwamba gesi imeisha. Mtawala wa Ngomeni, adui yake, akaunga mkono. Mtu akapendekeza wampigie kura awe Mkuu wa maisha, na mikono ikanyooka uwanja mzima. Shangazi aliketi kwenye kitanda chake stoo, akazitazama pongezi zikipanda moja baada ya nyingine kwenye kioo, akaona hewa ya chumba imekuwa ndogo. Alifungua dirisha. Ukuta ulikuwa palepale.

Siku zilizofuata alibeba maneno yalivyo. Wifi anasema miguu yako inanuka. Kaka anasema mama yako ndiye aliyekufundisha roho hiyo. Aliyasema akiangalia sakafu, na yalitoka na sauti yake, si ya wenyewe, kwa hiyo aliyeyapokea alimtazama yeye kwa chuki. Watoto wakajifunza kutoka chumbani wakimwona anaingia. Kazini alikosea kipimo cha jino, kitu ambacho hakikuwahi kumtokea, na bosi akamwambia kwa upole kwamba kuna mtu mwingine anaitaka ile karakana, na yeye hawezi kungoja tena.

Jioni hiyo aliwasubiri wote wawili waketi mezani. Alisimama mahali ambapo hakuna atakayedai hakusikia, akasema amepata kazi mji mwingine na anahama.

Kaka aliacha kula. Kisha akageuka, akamtazama mkewe usoni.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia," wifi alisema.

"Na watoto je?"

"Ndiyo hapo. Na mimi nina oda za watu, siwezi jiko na cherehani."

"Basi haendi."

"Haendi," wifi alisema, akamsogezea mumewe jagi la maji bila kuombwa.

Walimzungumza akiwa amesimama palepale, kama watu wanaojadili kabati lisiloingia mlangoni. Waliongea vizuri. Kila mmoja alimsikiliza mwenzake mpaka mwisho. Shangazi alikuwa ameomba sana awaone hivi, na sasa amewaona.

"Nimeshamjibu bosi," alisema.

Hakuwa amemjibu. Alikwenda chumbani, akampigia simu kwa sauti ya chini na kumwambia ndiyo, ili lile alilolisema mezani lisiwe uongo mwingine. Kisha akafungua mchezo, akaandika kwamba Miguu Myepesi sasa ni ya Kobe, na kabla mtu hajaita mkutano akaufuta kwenye simu na kwenye kompyuta.

Siku ya kuondoka alikuwa na begi moja na kisanduku cha visu vyake. Wifi hakuinuka kwenye cherehani yake. Kaka alikuwa koridoni, ameegemea ukuta, mikono mfukoni.

"Mwambie kaka yako akufungulie geti," wifi alisema, bila kuinua macho.

Shangazi alisimama kati yao. Mdomo ulikuwa umeshafunguka wenyewe, kwa mazoea.

"Amekusikia, wifi," alisema, akaenda kulifungua mwenyewe.

Mji ule mpya ulikuwa na baridi, na karakana ilivuja upande mmoja. Miezi ya kwanza aliamka na kuitafuta simu, akiwa na hakika kwamba kuna mtu amekwama mahali anamngoja. Dada wa mapokezi alimpigia kumpa habari. Miguu Myepesi ipo bado. Kobe hana nidhamu hata kidogo, barua zinafunguliwa njiani, nyingine zinafika kwa wasiohusika, mchumba wa mhunzi ametoroka na mtawala wa Ngomeni, na watu wanasema hawajawahi kufurahi hivi. Shangazi alicheka naye. Alipokata simu alikaa muda mrefu bila kugusa kazi, nta ikaganda.

Kaka alipiga mara chache. Alianza na mwambie wifi yako, naye akamjibu kwamba hatamwambia, na simu ikawa kimya mpaka mmoja wao akapata kisingizio cha kuaga. Kisha siku moja akapiga binti mkubwa, akasema kwamba siku hizi wanamtuma mdogo.

Shangazi aliketi. Alifikiria begi lake liko wapi, akafikiria atamwambia nini bosi. Akaomba apewe huyo mdogo.

"Wanakutuma useme nini?"

"Vitu vingi," mtoto alisema. "Lakini mimi huwa nasahau njiani."

"Unasahau kweli?"

Nyuma ya mtoto ilisikika cherehani ikienda, ikasimama, ikaenda tena.

"Nikisahau," alisema kwa kunong'ona, "wanaulizana wenyewe."

Shangazi alimwambia ampe dada yake simu. Alimwuliza kama ni kweli. Binti mkubwa alisema ni kweli, lakini si kila siku.