Jina la Kwenye Beji

Siku ya somo la kusalimiana na mwajiri, Ilwad alipewa ufagio aushike mkono. Kitabu cha mradi wa ajira kwa vijana kiliandikwa Nairobi, nacho kilisema kijana anayetafuta kazi yake ya kwanza amshike bosi mkono kwa nguvu ya kiasi. Wasichana wa Garissa hawawashiki mikono wanaume wasiowahusu. Mwalimu Keynan, ambaye ripoti yake ilitaka kila somo liwe limefundishwa, akaenda stoo akarudi na ufagio wa mti mrefu. Wasichana kumi na wanne wakausalimia mmoja mmoja.

"Usimkabe, abaayo, dada yangu," Keynan alimwambia Ilwad. "Huyo ni bosi, si mbuzi anayetoroka. Haya, jina. Kidevu juu, mtazame machoni."

"Naitwa Ilwad Sugow Kerrow," Ilwad akauambia ufagio.

Hakuna aliyelitaja jina lake vizuri kama yeye. Hilo lilikuwa darasa lake la tatu la namna hiyo. Vyeti viwili vya mwanzo vilikuwa nyumbani chini ya godoro, ndani ya mfuko wa nailoni. Kwenye fomu, mahali pa kueleza kikwazo cha kijana, wenzake waliandika mguu, macho, mtoto mchanga. Yeye aliandika: kidole.

Mwaka wa ule ukame mkubwa alikuwa na miaka minane. Mbuzi walikwisha kwao Eldas, upande wa Kenya, akabaki mmoja wa kuwakumbusha kwamba walikuwa na mbuzi. Mama yake, Shamso, akasikia kwamba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley watu waliotoka Somalia wanagawiwa unga. Shamso hakuwahi kuiona Somalia hata kwa mbali, lakini alipoulizwa alijibu ndiko walikotoka, na mtoto akabonyeza kidole kwenye kioo chenye taa ya kijani. Wakapata unga, wakala. Miaka kumi baadaye, kwenye dirisha la vitambulisho, kidole kilekile kikabonyezwa tena, na mashine ikamkumbuka.

"Wewe ni mkimbizi," karani alisema.

"Nimezaliwa Eldas, adeer," Ilwad alisema, akimwita ami kwa heshima. "Baba amezikwa Eldas."

"Mashine inasema mkimbizi."

Alikwenda Dagahaley, akarudi kwenye dirisha lilelile. "Kambini wamenipa barua. Wanasema mimi ni Mkenya."

"Basi waombe wao kitambulisho." Akamwita aliyefuata.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita, na karani alikuwa bado anamwita aliyefuata.

Shamso alijaribu njia zake. Alikisugua kidole cha binti yake kwa jiwe la kusugulia miguu, kisha akakiloweka katika dawa ya kung'arishia nguo. Ngozi ilitoka. Ilirudi na mistari ileile.

"Nilidhani wanahesabu vinywa," alisema. "Ningejua ni vidole, ningewapa kwato za yule mbuzi."

Ilwad hakucheka. Hakukasirika pia. Alikuwa akikiangalia kidole jinsi mtu anavyoangalia kiatu cha mwingine mlangoni.

Darasa lilipokwisha, Keynan alimpeleka kwa Daktari Hamze, mwenye kliniki ya meno karibu na soko, aliyetaka mtu wa kupokea wagonjwa. Daktari hakutoa mkono. Ufagio ulikuwa umesalimiwa bure. Alimwuliza maswali sita, Ilwad akajibu yote.

"Unaongea vizuri. Kitambulisho?"

Ilwad alipanga vyeti vitatu mezani, akaweka barua ya kambi juu yake.

"Hivi ni vya kujua kuomba kazi," Daktari alisema. "Nimeshaona unajua."

Keynan alitazama feni. Mradi ulikuwa unafungwa mwezi ujao, na ripoti yake ilikuwa imepungukiwa kijana mmoja mwenye kazi.

"Kuna njia," Daktari akasema. "Binti ya dada yangu, Rukiyo, anasoma Nairobi. Kitambulisho anacho, kazi haitaki. Nitamwandika yeye. Wewe utakaa hapo."

"Nikae kama nani, adeer?"

"Kama Rukiyo. Mtu anayeumwa jino haulizi mengi."

Ilwad alimgeukia Keynan.

"Ni mwanzo, abaayo," Keynan alisema.

Jioni Shamso aliuliza habari za mshahara.

"Unaingia kwenye simu ya Rukiyo. Akikumbuka, atanitumia."

Shamso akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Safari hii si mimi niliyesema uongo."

"Hapana, hooyo. Si wewe."

Wiki ya tatu Keynan alikuja kliniki na mama mmoja kutoka ofisi kuu ya mradi, na mpiga picha. Kwenye benchi walikaa wagonjwa wanne, mikono mashavuni. Ilwad alikuwa nyuma ya meza, beji kifuani.

"Jitambulishe kwa mgeni," Keynan alisema. "Kama tulivyofundishana." Macho yake yalikuwa kwenye beji.

Ilwad akainua kidevu. Akamtazama yule mama machoni.

"Naitwa Rukiyo."

"Ana kujiamini," yule mama akamwambia Keynan. Kamera ikalia mara mbili.

Keynan akafungua faili mezani, akaifunika nusu kwa kiganja mgeni asiisome. Ilikuwa orodha ya vijana waliopata kazi. Mstari wa mwisho ulisomeka Ilwad Sugow Kerrow, na pembeni palikuwa na kisanduku kitupu cha alama ya kidole. Akamsogezea pedi ya wino.

"Hapa tu," alisema kwa sauti ya chini.

Ilwad alibonyeza. Alama ikatoka safi, mistari yote, na karatasi ikaipokea bila swali. Keynan akafunga faili, wakaondoka.

Akatafuta kitambaa cha kufutia wino, hakukiona. Mzee mmoja aliyefunga shavu kwa kilemba akainuka kwenye benchi.

"Abaayo Rukiyo, zamu yangu imefika?"

"Bado, adeer," alijibu. "Kaa."